Kigingi cha mzee Siset: wimbo mmoja na udikteta wa Franco

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nipo kwaya ya chuo, sauti ya pili. Mwalimu wetu wa muziki alituchezea wimbo wa Kikatalani uitwao L'Estaca, yaani kigingi, akasema utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, uliupiga marufuku. Nikatafuta maana ya maneno yake, nikakuta mzee, mlango, mikokoteni na kigingi kilichooza. Hakuna chama wala jina la mtawala. Serikali yenye jeshi na polisi wa siri iliogopa nini hapo? Je, ni kweli nyimbo kama hizi ndizo zilizouangusha udikteta ule? Na nikitaka kusikiliza zaidi, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: hapana. Hakuna aliyemwangusha Franco. Alifia hospitalini mjini Madrid tarehe 20 Novemba 1975, ana miaka 82, bado ni mkuu wa nchi. Miezi miwili kabla, serikali yake ilikuwa imewapiga risasi wapinzani watano, na maombi ya Papa mwenyewe hayakusaidia kitu. Anayesema magitaa yaliuangusha udikteta wa Hispania ameipenda hadithi kuliko tarehe. Swali lako la kwanza ndilo lenye nyama, nalo halijibiki kwa kusoma maneno ya wimbo peke yake.

Tuanze na lugha. Franco aliposhinda vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939, Kikatalani, lugha ya Katalunya, jimbo la Hispania lenye mji wa Barcelona, kiliondolewa shuleni, mahakamani, maofisini, magazetini na redioni. Mtoto aliyeitwa Jordi nyumbani aliandikwa Jorge, kwa Kihispania, kwenye cheti cha kuzaliwa. Lluís Companys, rais wa serikali ya Katalunya, alikamatwa na Wajerumani akiwa mkimbizi Ufaransa, akakabidhiwa kwa Franco na kupigwa risasi kwenye ngome ya Montjuïc, Barcelona, tarehe 15 Oktoba 1940. Watu waliendelea kuongea lugha yao majumbani na sokoni, maana hakuna serikali yenye polisi wa kutosha kila nyumba. Hadharani ilikuwa habari nyingine. Wimbo wa mapenzi tu, au wa mvua, ukiimbwa kwa Kikatalani mbele ya watu, ulikuwa umeshavuka mpaka kabla mkaguzi wa serikali hajasoma mstari wa pili.

Miaka ilivyokwenda kamba ililegezwa kidogo. Vitabu vichache vya mashairi vikaruhusiwa, kwaya zikaimba nyimbo za asili, mahujaji wakaimba kwenye abasia ya Montserrat. Utawala haukuona tabu na Kikatalani cha bibi na babu. Tabu ilikuwa Kikatalani cha kijana wa miaka 20 anayeimba mambo ya leo. Kwa hiyo Lluís Serrahima alipoandika Januari 1959, katika jarida dogo, kwamba Wakatalani wanahitaji nyimbo za sasa, aligusa penyewe.

Kabla hata nyimbo hizo hazijaenea, mwaka uliofuata kulitokea kisa ambacho kwangu ndicho ufunguo wa mambo yote haya. Tarehe 19 Mei 1960 palikuwa na onyesho kwenye Palau de la Música mjini Barcelona, ukumbi wa kwaya ya Orfeó Català, kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mshairi Joan Maragall. Kwenye ratiba ulikuwamo wimbo wa bendera ya Katalunya ambao maneno yake ni ya Maragall mwenyewe. Gavana akaufuta. Basi watu waliokaa kwenye viti wakasimama na kuuimba wao. Polisi wakawavamia kwa kipigo na kuwaburuta nje. Siku chache baadaye akakamatwa daktari kijana, Jordi Pujol, ambaye jioni ile hata hakuwamo ukumbini. Yeye alikuwa ameandika waraka wa kumshambulia Franco, ukasambazwa mjini. Aliteswa, kisha mahakama ya kijeshi ikampa kifungo cha miaka 7.

Jukwaa limekatazwa, viti vinaimba. Shika hapo, tutaparudia.

Desemba 1961, katika ukumbi wa kituo cha wanawake Wakatoliki mjini Barcelona, watu watatu walisimama na gitaa kuimba nyimbo walizotunga kwa Kikatalani: mwandishi Josep Maria Espinàs, mhakiki wa filamu Miquel Porter, na Remei Margarit. Hakuna kati yao aliyeishi kwa kuimba. Walivutiwa sana na Mfaransa Georges Brassens, mtu anayeweza kuketi na gitaa moja akamsema askari, padri na jaji bila kupandisha sauti. Kikundi chao kiliitwa Els Setze Jutges, yaani Majaji Kumi na Sita, kwa kuchukua maneno ya mwanzo ya mchezo wa kutatiza ulimi ambao kila mtoto wa Kikatalani anaujua, na wakaendelea kupokea wanachama hadi kweli wakatimia 16. Wa mwisho, mwaka 1967, alikuwa kijana Lluís Llach, mwenye wimbo wako. Vuguvugu lote likaitwa Nova Cançó, wimbo mpya.

Usishangae kuona kumbi za kanisa kila mahali katika habari hii. Mwaka 1953 Franco alitia saini mkataba na Vatikani uliolipa Kanisa nafasi ambayo hakuna mwingine aliipata. Chama cha siasa kilikuwa jinai, chama huru cha wafanyakazi kilikuwa jinai, lakini vijana wa parokia kukutana jioni na gitaa lilikuwa jambo la parokia. Mapadri wengi walijua wanachokihifadhi.

Nikuambie ukweli wangu: nyingi ya nyimbo zile za mwanzo zilikuwa za kawaida sana. Sauti nyembamba, kodi tatu za gitaa, vichekesho vya watu waliosoma. Aliyezipa moto alitoka kusini zaidi, Xàtiva, katika jimbo la Valencia, ambako nako Kikatalani cha huko ndiyo lugha ya nyumbani. Huyu ni Raimon. Wimbo wake wa kwanza maarufu, Al vent, aliutunga mwaka 1959 baada ya kupanda pikipiki aina ya Vespa, upepo ukimpiga usoni. Una maneno machache mno, nusu yake ni kelele. Waliozoea waimbaji wa redio wa Hispania, wenye suti na sauti ya asali, walimsikia huyu akipasua koo kama mtu anayeita msaada ng'ambo ya mto, wakajua kuna jambo limebadilika.

Kwa Raimon utaona vizuri mkaguzi alivyofanya kazi. Ili kurekodi ulipeleka maneno serikalini. Ili kuimba mbele ya watu uliomba kibali na kuambatisha orodha ya nyimbo na maneno yake, pamoja na tafsiri ya Kihispania ili afisa aelewe. Orodha ilirudi imekatwa. Wakati mwingine kibali kilitolewa, tiketi zikauzwa, kisha saa chache kabla ya onyesho ikaja simu ya kulizuia. Katika Diguem no, yaani tuseme hapana, Raimon alikuwa na mstari kuhusu watu wenye haki waliofungiwa gerezani. Gereza halikupita. Kwenye rekodi akaimba kwamba watu wenye haki wamenyamazishwa. Mkaguzi akaridhika, nami sijawahi kuelewa kwa nini, maana mstari huo mpya unamtaja yeye mwenyewe na kazi yake.

Tarehe 18 Mei 1968 Raimon aliimba kwenye kitivo cha siasa na uchumi cha chuo kikuu cha Madrid, mbele ya maelfu ya wanafunzi. Hapo ni Castilla, nchi ya Kihispania. Wengi wao hawakijui Kikatalani, na bado waliitikia «diguem no» kwa sauti moja, wakatoka na kuandamana hadi wakakutana na polisi. Ile hoja ya serikali kwamba nyimbo hizi ni ukabila wa Wakatalani wachache ilipata pigo siku hiyo.

Mwaka huohuo mwingine wa Majaji, Joan Manuel Serrat, aliteuliwa kuiwakilisha Hispania kwenye mashindano ya Eurovision mjini London. Akasema ataimba kwa Kikatalani, la sivyo haendi. Televisheni ya taifa ikamtoa na kumpeleka Massiel, ambaye aliimba wimbo uleule kwa Kihispania na akashinda. Serrat akafungiwa televisheni. Ajabu ni kwamba watu wake pia walimnunia, kwa sababu baadaye aliimba kwa lugha zote mbili na kupata umaarufu mkubwa hadi Amerika ya Kusini. Mama yake alitoka Aragón na baba yake alikuwa Mkatalani, kwa hiyo kwake lugha zote mbili zilikuwa za nyumbani. Waliompigia kelele za usaliti walikuwa wanatumia mantiki ya mkaguzi kwa kuigeuza upande, na hapa mimi nipo upande wa Serrat bila kusita. Barcelona ya miaka ya 1960 ilikuwa imejaa mamia ya maelfu ya vibarua waliohamia kutoka Andalucía na kwingineko kusini, wakiishi pembezoni mwa mji kwenye vibanda na maghorofa ya haraka. Hao ndio waliogoma viwandani na kula virungu, nao hawakuzaliwa na Kikatalani. Nova Cançó ilianza kama mambo ya wasomi wa mjini, na iliwachukua miaka kuwafikia.

Sasa kigingi. Llach alizaliwa mwaka 1948, akakulia Verges, mji mdogo karibu na Girona. Baba yake alikuwa daktari na pia meya wa mji chini ya Franco, kwa hiyo kijana hakunyonya upinzani nyumbani. Alifundishwa nje. Mmoja wa waliomfundisha alikuwa babu wa rafiki yake, Narcís Llansa, kinyozi wa mji wa Besalú, mtu asiyempenda Franco wala kumwogopa. Siset ni jina lake la kufupisha. Llach aliutunga wimbo mwaka 1968, ana miaka 20.

Ufuate kwa karibu uone kilichomo. Asubuhi na mapema, mzee na kijana wapo mlangoni, wanangoja jua, mikokoteni inapita. Kijana anauliza: huoni kigingi tulichofungwa sote? Tusipojinasua hatutatembea kamwe. Kiitikio kinatoa maelekezo: tukivuta sote kitaanguka, hakiwezi kudumu sana, lazima kimeshaoza. Mimi nivute kwa nguvu huku, wewe uvute kwa nguvu kule, hakika kitaanguka, na tutakuwa tumejinasua. Halafu inakuja beti ambayo waimbaji wengi huipita mbio, nami naiona ndiyo bora kuliko zote. Kijana analalamika. Mikono inachubuka. Nguvu zikimwishia, kigingi kinaonekana kinanenepa. Najua kimeoza, Siset, anasema, lakini ni kizito mno. Anaomba aimbiwe tena. Katika beti ya tatu mzee hayupo, upepo mbaya umemchukua, na kijana sasa amesimama mlangoni akiwaona watoto wapya wakipita, anawaimbia wimbo wa mwisho aliofundishwa.

Wewe umekulia kwenye mafumbo, huhitaji kuambiwa nani ni kigingi. Mhispania wa mwaka 1968 naye hakuhitaji. Taabu ya mkaguzi ilikuwa kwamba akiandika kwenye faili «kigingi kilichooza ni Mkuu wa Nchi», yeye ndiye aliyemtukana. Santuri ikatoka, kisha marufuku zikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Llach alihamia Paris, kwa kuwa kwao hakuwa na pa kuimbia.

Na hata hivyo sidhani fumbo peke yake ndilo lililowasumbua. Ukisikiliza kama mwanakwaya utaona kitu kingine. Kiitikio cha L'Estaca hakimpi mwimbaji nafasi ya kujionyesha. Hakipandi juu, pigo lake linabembea, neno «tomba», ambalo kwa Kikatalani ni «kinaanguka», linarudiwa mara tatu mfululizo, na mtu aliyelisikia mara moja tu anaweza kuingia. Llach alipokatazwa kuuimba, alianza kuupiga bila maneno, mdomo ameufumba, na ukumbi mzima ukauimba. Afisa aliyekaa nyuma na orodha yake mkononi anaandika nini? Mwimbaji hakuimba. Walioimba ni elfu kadhaa, wamekaa gizani, hawana majina. Unakumbuka Palau de la Música ya mwaka 1960? Ni jambo lilelile, safari hii limejengewa wimbo wake.

Sasa fikiria maisha ya mtu wa kawaida chini ya utawala ule. Kazini huongei, huwezi kujua nani mpelelezi. Jirani humwulizi. Uchaguzi wa kweli hakuna, kwa hiyo hakuna siku ambayo mnahesabiwa. Magazeti yanasema wanaopinga ni wakomunisti wachache wanaolipwa na wageni, na wewe uliye peke yako na hasira yako unaanza kuamini kwamba kweli ni wachache. Tamasha la muziki, ukiondoa kanisa na uwanja wa mpira, lilikuwa karibu mahali pekee pa halali pa kukutana kwa maelfu. Unapoimba «tomba» na kusikia kushoto kwako, kulia kwako na nyuma yako wanaimba, umepata takwimu ambazo serikali haikutaka uzipate. Hicho ndicho walichokiogopa, na kwa maoni yangu waliogopa kwa akili. Udikteta wa muda mrefu hauhitaji kupendwa. Unahitaji kila anayeuchukia aamini yupo peke yake.

Nyimbo nyingine zilikwenda moja kwa moja. Maria del Mar Bonet, wa kisiwa cha Mallorca, aliimba Què volen aquesta gent, kwa maneno ya yuleyule Serrahima, kuhusu polisi wanaogonga mlango alfajiri, mama anayeamka na mwana mwanafunzi anayeishia kuanguka dirishani. Kisa kilitokana na kifo cha kweli cha mwanafunzi mjini Madrid mwaka 1967. Mwaka 1974, utawala ulipomnyonga Salvador Puig Antich, kijana wa miaka 25, kwa kile kifaa chao cha kukaba shingo kwa chuma, Llach alimtungia I si canto trist. Hata baada ya Franco kufa mambo hayakuisha: tarehe 3 Machi 1976 huko Vitoria polisi waliwarushia mabomu ya machozi wafanyakazi waliokuwa wakikutana kanisani, kisha wakawafyatulia risasi walipokuwa wakitoka, watu watano wakafa. Kwa ajili yao Llach alitunga Campanades a morts, kazi ndefu ya okestra na kwaya inayowaita waliotoa amri wauaji.

Ukitaka mfano wa wimbo uliohusika kweli na kuanguka kwa utawala, vuka mpaka uende Ureno. Usiku wa kuamkia 25 Aprili 1974 redio ilipiga Grândola, Vila Morena ya José Afonso, nao wanajeshi waliopanga mapinduzi wakajua muda umefika. Hata pale, walioangusha ni maofisa waliochoshwa na vita vya makoloni, na moja ya vita hivyo ilikuwa ya Msumbiji, dhidi ya FRELIMO iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. José Afonso mwenyewe alikuwa amefundisha shule Msumbiji miaka ya 1960. Wimbo ulikuwa saa ya kuamsha, na walioamka walikuwa na bunduki.

Kigingi chenyewe kimetembea kuliko mtunzi wake alivyoweza kuota. Mwaka 1978 kijana wa Poland, Jacek Kaczmarski, alichukua tuni ya Llach na kuiandikia maneno mapya kabisa, Mury, yaani kuta. Shairi lake linahusu mwimbaji anayewasha umati, umati unaondoka ukiimba na kubomoa, na mwishoni kuta zinaendelea kukua huku mwimbaji amebaki peke yake. Ni onyo juu ya umati. Wafanyakazi wa Solidarność, chama huru cha wafanyakazi cha Poland, waliupenda mno, wakauimba kila mahali, na beti ile ya mwisho wakaiacha. Yaani walimfanyia mtunzi kilekile alichokitabiri. Mwaka 2020 tuni hiyohiyo ilisikika kwenye maandamano ya Belarus, na Tunisia Yasser Jradi aliitungia maneno ya Kiarabu cha kwao. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemjua kinyozi wa Besalú.

Kuhusu kusikiliza, anza na rekodi ya Llach ya Barcelona, gener de 1976, ya maonyesho aliyofanya kwenye ukumbi wa michezo wa Palau d'Esports miezi miwili tu baada ya Franco kufa. Tumia visikizi vya masikio, na umsikilize mwimbaji mara moja tu. Mara ya pili fuatilia ukumbi. Kisha mtafute Raimon wa Olympia, Paris, 1966, na baada yake Maria del Mar Bonet, ambaye kwa sauti anawapita wote. Ovidi Montllor, mwimbaji mwingine wa Nova Cançó, mwekee jioni ambayo una muda, kwa sababu alikuwa pia mwigizaji na utani wake unahitaji tafsiri ubavuni. Campanades a morts iache hadi uwe peke yako nyumbani.

Na kama kwaya yenu itaamua kuuimba L'Estaca, mwombe mwalimu wenu asiupambe kwa sauti nne kwenye kiitikio. Beti mpeni mtu mmoja. Kwenye kiitikio gawaneni pande mbili, wa kushoto wavute «huku», wa kulia wavute «kule», wote mkutane kwenye «tomba» kwa sauti moja, na taa za ukumbi ziwashwe ili waliokaa waonane.